KIDOLE KILICHOTEGUKA: KIFUNGWE KWA NAMNA GANI?

Katika mashamba ya kahawa na mananasi yaliyo baina ya Ruiru na Thika, na huko Ngoliba upande wa mashariki ambako mlima wa Kilimambogo waonekana vizuri asubuhi, watu wengi hupata riziki yao kwa mikono. Jembe likigonga jiwe lililofichika, ng'ombe akivuta kamba kwa ghafula, jiwe la kujengea likiteleza mikononi mwa mchukuzi, au pikipiki ikianguka katika vumbi, mara nyingi kitu cha kwanza kuumia ni kidole. Siku za Jumamosi na Jumapili huongezeka majeraha ya viwanjani, kwa maana mlinda lango, na wachezaji wa mpira wa wavu na wa netiboli, huupokea mpira kwa ncha za vidole.

Jeraha la namna hii halitishi. Damu haitoki, mfupa haukutokeza nje, na mwenyewe aweza kwenda kwao kwa miguu yake. Kwa hiyo watu hufanya moja katika mambo mawili. Wengine husema, "Ni kidole tu," hukivuta, hukikanda kwa mafuta ya moto, kisha hurudi shambani. Wengine hukiogopa mno, hukifunga kwa kijiti na kitambaa muda wa wiki nane au kumi bila kukifungua, na siku wanapokifungua hukikuta kimekuwa kigumu kama mpini. Wale wa kwanza hubaki na kidole kilegevu kisichoshika. Wale wa pili hubaki na kidole kisichokunjika. Wote wawili hawawezi tena kulikamata jembe sawasawa, na kibarua alipwaye kwa kazi ya siku huiona hasara hiyo kila jioni.

Twapenda kueleza hapa namna mbalimbali za kufunga kidole kilichoumia kiungo, ipi yafaa jeraha lipi, na kwa nini. Jambo kubwa la kushika tangu mwanzo ni hili: kifungo kiponyacho jeraha moja chaweza kuharibu jingine lililo sentimeta mbili tu mbali nalo.

BAWABA NA KAMBA ZAKE

Tazama kidole chako cha kati. Kina pingili tatu, na kwa hiyo viungo vitatu: kiungo cha shina, pale kidole kinapoungana na kiganja, kiungo cha kati, na kiungo cha ncha, karibu na ukucha. Kidole gumba kina pingili mbili tu. Kiungo cha kati ndicho kiumiacho mara nyingi kuliko vingine, nacho hufanya kazi kama bawaba ya mlango: hukunja na kunyosha, lakini hakiendi kulia wala kushoto. Kinachokizuia kisiende upande ni kano mbili fupi, moja kila ubavu, zinazoshika mfupa kwa mfupa. Chini yake, upande wa kiganja, kuna kibamba kidogo cha nyama ngumu kinachozuia kidole kisipinde kinyumenyume.

Lugha yetu hutumia neno moja, kano, kwa vitu viwili, na huenda mkanganyo mwingi watoka hapo. Kuna kano za kiungo, kama hizi tulizozitaja, ambazo kazi yake ni kushikilia. Na kuna kano za misuli, zile ndefu zitokazo katika mkono wa chini na kupita juu na chini ya kidole, ambazo kazi yake ni kuvuta. Kano ya kiungo ikiumia, kidole hulegea. Kano ya msuli ikikatika, kidole hakiwezi kunyoka au kukunjwa kwa nguvu zake chenyewe, hata kama mtu mwingine aweza kukinyosha kwa mkono wake. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kifungo.

Madaktari hugawa majeraha ya kano za kiungo katika daraja tatu. Katika daraja la kwanza kano imenyoshwa tu: kidole chauma na kuvimba kidogo, lakini bawaba imara. Katika la pili baadhi ya nyuzi zake zimekatika, na kiungo hucheza kidogo kikisukumwa upande. Katika la tatu kano yote imekatika, na pingili hulala upande kama mlango uliong'oka bawaba. Kipimo hicho cha kusukuma kidole yafaa kifanywe na mganga wa hospitali, wala si rafiki uwanjani, kwa kuwa kano iliyobaki na nyuzi chache yaweza kumalizwa na mkono wenye bidii.

KUFUNGA KIDOLE PAMOJA NA JIRANI YAKE

Kwa majeraha mengi ya kano za ubavuni, ya daraja la kwanza na la pili, na hata baadhi ya yale ya daraja la tatu ambayo daktari ameyaangalia, kifungo kinachopendelewa siku hizi ni chepesi kuliko vyote: kidole kilichoumia hufungwa pamoja na kidole kizima kilicho jirani yake. Kile kizima huwa banzi. Hukinyima kile kigonjwa ruhusa ya kwenda upande, lakini hukiruhusu kukunja na kunyosha.

Mtu aweza kuuliza, je, si bora kidole kipumzike kabisa? Hapana, na sababu yake ni ya ajabu kidogo. Kano inapopona hutengeneza nyuzi mpya. Nyuzi hizo hujipanga kufuata mvuto wanaoupata. Kiungo kikitembea kidogo kidogo, hujipanga sawasawa. Kiungo kikikaa kimya kabisa, hushikamana ovyo na vitu vilivyo karibu, na kibamba cha chini hujikunyata. Kiungo cha kati cha kidole ni chepesi mno kukauka. Ndiyo maana kukifunga kisitikisike kabisa kwa zaidi ya wiki tatu au zaidi kidogo, pasipo sababu maalumu, ni kumwekea mgonjwa ugonjwa wa pili.

Namna ya kufunga yenyewe ni rahisi, lakini watu wengi huikosea. Weka kwanza kipande chembamba cha pamba au shashi baina ya vidole viwili, ili jasho lisilainishe ngozi na kuitia vidonda. Kisha zungusha plasta mahali pawili: mara moja katikati ya pingili ya kwanza, na mara moja katikati ya pingili ya pili. Plasta isipite juu ya kiungo chenyewe, maana kikifunikwa hakiwezi kukunjwa, na faida yote ya kifungo hiki imepotea. Isikazwe pia. Baada ya kufunga, bonyeza ukucha wa kidole kilichofungwa mpaka uwe mweupe, kisha uachie. Wekundu wake urudi katika muda wa sekunde mbili hivi. Usiporudi, au ncha ya kidole ikifa ganzi, fungua mara moja na kuzungusha upya.

Swali la jirani yupi achaguliwe si la bure. Kidole hufungwa na jirani aliye upande wa kano iliyoumia. Kama ubavu wa kidole cha kati ulio upande wa kidole cha shahada ndio umeumia, basi kifungwe na cha shahada. Kama ni ubavu wa pili, kifungwe na kidole cha pete. Kidole cha mwisho hakina la kuchagua, jirani yake ni mmoja tu, na kwa sababu ni kifupi viungo vyao havilingani, hivyo plasta yake yahitaji uangalifu zaidi.

Kifungo hiki hukaa kwa kawaida wiki mbili mpaka nne, plasta ikibadilishwa kila inapochafuka au kulowa. Wachezaji huendelea kukitumia viwanjani kwa wiki kadhaa zaidi. Atazamaye mpira wa wavu, mchezo ambao timu ya wanawake ya Kenya, Malkia Strikers, ilikwenda nao katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 na ya Paris mwaka 2024, ataona vidole vingi vilivyozungushiwa plasta, nao hao wacheza kwa nguvu zao zote. Kwa mtu wa shamba faida ni kubwa vilevile: aweza kushika kikombe, kufunga vifungo vya shati, na kufanya kazi nyepesi. Hasara yake ni kwamba kifungo hiki hakizuii kidole kisinyoke kupita kiasi, na hakifai hata kidogo pale kano ya msuli ilipokatika.

BANZI

Kufunga kiungo kwa banzi ni jambo la kale sana. Wamisri wa zamani walitumia vipande vya mti na magome yaliyozungushiwa kitani, na mabanzi ya namna hiyo yamefukuliwa makaburini mwao. Mwaka 1852 daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, alieneza habari ya bendeji iliyopakwa unga wa plasta, ambayo ikitiwa maji hukauka na kuwa ngumu kama jiwe. Plasta hiyo bado yafaa sana kwa mifupa mikubwa. Kwa kidole kimoja ni mzigo, nayo hufunga na vidole visivyo na kosa.

Banzi lionekanalo sana katika hospitali zetu kwa kidole ni ukanda wa aluminiamu wenye sponji upande mmoja. Ni rahisi, hukatwa kwa mkasi, na hupindwa kwa mkono mpaka ukae unavyotakiwa. Ubaya wake hautoki katika chuma chenyewe, bali katika mazoea ya kuuweka chini ya kidole, umenyoka tangu kiganjani mpaka ncha, hata jeraha liwe lipi. Mgonjwa huambiwa arudi baada ya wiki mbili. Pengine hakupata nauli, akarudi baada ya wiki saba. Wakati huo kiungo kimekwisha kauka.

Ukanda huohuo ukiwekwa juu, upande wa mgongo wa kidole, ukapindwa kidogo, huwa chombo kingine kabisa. Hili ndilo banzi la kuzuia kunyoka, nalo latumika pale kile kibamba cha chini kilipoumia. Jeraha hilo hutokea mpira unapogonga ncha ya kidole na kukirudisha nyuma, na mara nyingi kidole huwa kimetoka mahali pake kabla ya kurudishwa. Banzi hupindwa nyuzi 20 mpaka 30 kwenye kiungo cha kati, na hufungwa kwenye pingili ya kwanza. Mgonjwa aweza kukunja kidole chake apendavyo, lakini kikinyoka hukutana na banzi na kusimama. Kila wiki mganga hulinyosha banzi kidogo, hata baada ya wiki tatu hivi likawa limenyoka. Kisha kidole hufungwa na jirani yake. Kwa maoni yetu hiki ni kifungo chenye akili kuliko vyote, kwa kuwa hukataza jambo moja tu lenye madhara na kuruhusu mengine yote. Kama kibamba kimeumia kidogo tu na kiungo ni imara, kifungo cha jirani peke yake chatosha.

Hospitali kubwa zina mabanzi ya plastiki maalumu ambayo hulainika katika maji ya moto, kisha hukandwa juu ya mkono wa mgonjwa mwenyewe mpaka yapoe na kushika umbo lake. Hukaa vizuri zaidi, na huoshwa. Lakini kwa majeraha mepesi ya kano za ubavuni hakuna sababu ya mtu kusikitika kwamba hakulipata.

MAJERAHA YANAYOFANANA NA HAYA

Hapa pana hatari, kwa maana kuna majeraha mawili ya kano za misuli ambayo siku ya kwanza huonekana kama kuteguka tu.

La kwanza ni kidole chenye ncha iliyoinama. Kano inayoinua ncha imekatika, au imeng'oa kipande cha mfupa, na mgonjwa hawezi kuiinua ncha hiyo mwenyewe. Hapa kifungo cha jirani hakisaidii kitu. Kiungo cha ncha hapana budi kikae kimenyoka ndani ya banzi dogo wiki sita mpaka nane, usiku na mchana, bila kuinama hata mara moja. Ncha ikiinama siku moja wakati wa kuoga, hesabu huanza tena upya. Ukitaka kuosha kidole, kiweke juu ya meza, shika ncha isianguke, ondoa banzi, osha, kausha, rudisha. Kiungo cha kati huachwa huru kikunjwe.

La pili ni baya zaidi kwa sababu hujificha. Kano ya juu ya kiungo cha kati hukatika, lakini kidole chaweza kunyoka bado kwa msaada wa kano za pembeni. Baada ya wiki mbili au tatu kiungo cha kati huanza kuinama chenyewe na ncha kuinuka juu, na wakati huo matibabu yamekwisha kuwa magumu. Kwa hiyo uvimbe na maumivu vikiwa juu ya kiungo cha kati, upande wa mgongo, usiridhike na plasta. Jeraha hili hufungwa kiungo cha kati kikiwa kimenyoka kabisa muda wa wiki sita, ncha ikiachwa huru na kukunjwa kila siku. Msomaji ataona kwamba ni kinyume kabisa cha banzi la kibamba, ambalo hukipinda kiungo hichohicho. Anayefunga kwa kubahatisha ana nafasi sawa ya kuponya na kuharibu.

GUMBA

Kidole gumba kina mambo yake, maana bila gumba hakuna kushika. Mwaka 1955 daktari C. S. Campbell aliandika habari za walinzi wa wanyama wa mashamba ya Scotland, ambao kwa kazi yao ya kuvunja shingo za sungura kwa mikono mwaka hadi mwaka kano ya ndani ya gumba, ile iliyo upande wa kidole cha shahada kwenye kiungo cha shina, ilikuwa imelegea. Siku hizi jeraha la kano hiyohiyo huwapata watu wanaoteleza thelujini wakiwa wameshika fimbo. Huku kwetu hakuna theluji ya kutelezea, lakini usukani wa pikipiki hufanya kazi hiyohiyo: mpandaji huanguka akiwa ameushikilia, na gumba husukumwa mbali na kiganja. Hata kuanguka juu ya mkono ulio wazi, au kamba ya ng'ombe mkali, kwatosha.

Kano ikiwa haikukatika yote, gumba hufungwa kwa banzi linaloshika gumba na kifundo cha mkono pamoja, wiki nne mpaka sita. Ikiwa imekatika yote, mambo ni mengine. Mwaka 1962 daktari Bertil Stener wa Sweden alionyesha kwamba mara nyingi ncha ya kano iliyokatika huruka na kukaa juu ya utando wa msuli, hata haiwezi tena kugusana na mfupa ilikotoka. Basi hata ukifunga mwaka mzima haitaungana, kwa kuwa kuna kitu katikati. Dawa yake ni upasuaji, na hufaa zaidi ukifanywa katika wiki tatu za kwanza. Mtu asiyeweza kushika ufunguo baina ya gumba na kidole cha shahada bila gumba kuyumba, asingoje.

SAA ZA KWANZA

Mara tu kidole kinapoumia, vua pete kabla uvimbe haujapanda. Sabuni na maji husaidia, na kidole kikiwa kimekwisha vimba zungusha uzi mwembamba kutoka kwenye pete kuelekea ncha, kisha isukume pete juu ya uzi. Inua mkono juu kuliko moyo. Weka kitu baridi kilichofungwa katika kitambaa, dakika 10 au 15, mara kadhaa kwa siku. Kama huna banzi, kipande cha boksi gumu au kijiti cha aiskrimu kilichozungushiwa pamba chafaa kwa safari ya hospitali, lakini kwa safari tu.

Kukivuta kidole kilichotoka mahali pake ni desturi ya viwanja vyote. Wako wazee wenye ujuzi wa kunyosha viungo, wala hatuwadharau. Lakini mkono hauoni ndani ya nyama, na pembeni ya kiungo kilichotoka mara nyingi huwa pana kipande cha mfupa kilichong'oka, ambacho kikiwa kikubwa hubadili matibabu yote. Kwa hiyo hata kidole kilichorudi vizuri hapana budi kipigwe picha ya eksirei. Mtu wa Ngoliba aweza kuanzia katika kituo cha afya cha hapo kwao, na ikihitajika apelekwe Thika, kwenye hospitali kuu ya daraja la tano.

Wasiofaa kungoja hata usiku mmoja ni hawa: mwenye kidole kilichopinda, mwenye ncha baridi, nyeupe au yenye ganzi, mwenye kidonda juu ya kiungo, hasa kama kimetokana na jino la mtu katika ugomvi, kwa kuwa jeraha hilo huoza upesi, na yule ambaye akikunja ngumi kidole kimoja chapanda juu ya mwenziwe. Mtoto naye asiamuliwe kwa macho, maana mifupa yake ina sehemu laini za kukulia ambazo huvunjika kabla ya kano kukatika.

Kifungo kikiisha kuondolewa, kunja na kunyosha kidole polepole mara 10, mara nne au tano kwa siku. Maji ya uvuguvugu hurahisisha. Kiungo cha kati kitabaki kinene kwa miezi mingi, pengine mwaka, na kwa watu wengine hakirudi wembamba wake wa kwanza. Huo si ugonjwa, ni kovu la ndani. Mwenye pete asiharakishe kuipeleka kwa sonara ipanuliwe mpaka miezi hiyo ipite.